Bibi wa Kate alinikatalia ndege wawili!

Nilipowaambia washkaji wa kijiweni Sinza kwamba naenda Sumbawanga kuhesabu ndege, mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. "Si uende Kipawa, zinashuka kila dakika," akasema. Mwingine akadakia kwamba huko niendako ndege ni moja tu, ungo, tena inaruka usiku bila taa! Nikauchuna. Mtu ukishaamua safari, maneno ya kijiweni unayaacha kijiweni.

Lakini nikiri, wasiwasi nilikuwa nao kidogo. Sisi wa mjini tumelelewa na stori za radi na wanga wa Rukwa. Nilipofika ndipo nikaambiwa na wenyeji kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Yaani kama unao, uache mlangoni. Sisi wa Dar tumeshika neno la pili, lile la kwanza tumelisahau kabisa.

Basi bwana, safari yenyewe si mchezo. Unapita Morogoro, Iringa, Mbeya, ukifika Tunduma unaipa Zambia mgongo na kula lami nyingine ya kilometa zaidi ya 220. Ukishuka Sumbawanga saa za usiku, kitu cha kwanza kinachokupokea ni baridi. Mji uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa tano baridi inakuwa imeshaanza kunoa meno. Nilishuka na tisheti. Kondakta akaniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mgonjwa.

Sasa, kuhesabu ndege ndiyo nini? Usifikiri ni kazi ya Wazungu wenye kofia pana peke yao. Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei, watu wa kujitolea dunia nzima wanaamka alfajiri na kuandika kila ndege waliyemwona au kumsikia. Hakuna posho. Orodha zinatumwa kwenye mtandao wa eBird, na kwa siku hiyo moja dunia hupata zaidi ya aina 7,000. Tanzania peke yake ina zaidi ya aina 1,100, kwa hiyo hata mvivu hapati visingizio.

Mchezo huu una mama yake. Zamani huko Marekani vijana walikuwa na desturi ya kwenda porini siku ya Krismasi na kushindana nani ataua wengi. Mwaka 1900 bwana mmoja, Frank Chapman, akasema jamani, mwaka huu tuwahesabu badala ya kuwapiga risasi. Wakajitokeza watu 27. Ndiyo chanzo. Nilipomsimulia mwenyeji wangu akacheka, akasema hata yeye alianza na manati.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kate. Sitamtaja jina, kwani yaliyotokea utayaona mwenyewe. Kate iko wilaya ya Nkasi, upande ule wa uwanda wa Ufipa unaoelekea Ziwa Tanganyika, na wengi wanaijua kwa misheni yake ya zamani ya Wakatoliki. Ijumaa tukaacha lami, tukala vumbi, jioni tukafika.

Nyumba ya Mwalimu ni mpya, ya matofali ya kuchoma, bati linang'aa. Ndani joto zuri kinoma. Tukapigwa ugali wa ulezi na migebuka kutoka ziwani, halafu Mwalimu akaleta daftari lake la kaunta. Mwenzangu, nilivua kofia! Tangu mwaka 2017 kila Mei amejaza ukurasa: njiwa, tetere, kwale, kunguru, mnana, chozi. Na kila mwaka, kwenye mstari wa korongo lenye kijito nyuma ya mashamba, ameandika: shorobo 2. Shorobo 2. Shorobo 2.

Shorobo ukimwona huwezi kumsahau. Mwili kijani, ametulia juu ya mti kama bibi harusi, halafu anaporuka, lahaula! Ndani ya mabawa ni wekundu wa damu. Wataalamu wanasema wekundu ule una madini ya shaba ndani yake. Nikamwambia Mwalimu huyo ndiye nimemfuata. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tutaona kesho."

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa shambani. Jua bado, umande umelowesha suruali mpaka magotini. Mama yake Mwalimu, ambaye wote tulimwita Bibi, alikuwa ameshatangulia juu ya dungu kuamia ulezi. Mkononi kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu. Ndege wakitua anavuta, makopo yanapiga kelele, kundi linanyanyuka kama moshi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekuja kuwahesabu? Mie nawafukuza, nyie mnawaandika. Haya, pandeni."

Hapo ndipo nilipochoka mwenyewe. Mimi na darubini yangu ya kuazima nilikuwa bado nazungusha kile kigurudumu, ukungu mtupu, Bibi ameshamaliza. Kwale wawili chini ya mhogo. Tetere mmoja kwenye mti mkavu. Kundi lile la mnana, dume wachache, jike wengi. Yule anayezunguka juu mwenye mkia mwekundu kama tofali, mla panya, huyo tusimfukuze kwani ni rafiki wa ghala. Hakuwa akiangalia. Alikuwa anasikiliza tu huku akivuta kamba yake. Kwa saa moja tukapata aina 23, na naweza kusema 19 zilikuwa za Bibi.

Nikamuuliza kama anawachukia, maana wanamla. Akasema ndege wa ulezi ni kama watoto wa jirani, unawafukuza lakini huombi wafe. Akakumbusha kwamba kule bondeni Rukwa ni mazalia ya nzige wekundu, na korongo anakula nzige kuliko mtu anavyoweza kumpiga kwa fimbo. Nikaandika na hilo.

Kisha tukashuka kwenye korongo la kijito. Bibi akashuka nasi kuchota maji.

Msomaji, nilitegemea msitu. Nilikuta visiki. Vingine bado vina rangi mbichi, vingine vimechipua majani machache. Katikati ya uwazi kulikuwa na tanuru la matofali lililobomoka, majivu yake yameoshwa na mvua. Kijito kilikuwepo, ila chembamba. Bibi alichota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka ndoo ikajaa.

Tukakaa dakika 30, kama sheria yetu inavyosema. Kitwitwi mmoja. Chozi wawili. Shorobo, kimya.

Mwalimu akafungua daftari, akafika kwenye ule mstari, akashika kalamu. Nikamwona anaandika 2.

Mie nikazugia sikuona. Nitasema ukweli, niliipenda ile 2. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilometa elfu moja, na stori isiyo na shorobo ingekuwa stori gani? Nikamsaidia kabisa. "Si huwa wapo," nikasema. "Labda wamelala."

Bibi akatua ndoo. "Mmewaona?"

"Mama, kila mwaka wapo," Mwalimu akajibu.

"Nimeuliza mmewaona?"

Kimya.

Bibi akasema maneno ambayo nimerudi nayo mpaka Sinza. "Mwaka juzi kihenge changu kilitoa madebe tisa. Mwaka jana sita. Je, niandike tisa kwa sababu zamani yalikuwa tisa? Ukifika mwezi wa pili, njaa imekaa mlangoni, utakwenda kula lile debe uliloliandika?" Akajitwika ndoo, akapanda zake kilima.

Mwalimu alibaki ameinamisha kichwa. Ndipo akaniambia ambalo nilikuwa nimeanza kulihisi. Miti ile aliikata yeye. Tanuru lile ni lake. Mwaka jana, mwezi wa nane, alichoma matofali ya nyumba ile ile niliyolala ndani yake usiku, nikasifia joto lake. "Wanangu walikuwa wanalala kwenye nyumba inayovuja," akasema. "Sikuwafikiria ndege. Nilifikiria mvua." Nami nilikuwa nimekula ugali wake, ningemhukumu kwa mdomo upi? Wewe msomaji unayesoma hapa, nyumba unayokaa imejengwa kwa miti ya nani?

Akaikata ile 2 kwa mstari mmoja, hakuifuta. Pembeni akaandika 0.

Nilivyokuwa najua mimi, sifuri ni aibu ya mtihani. Lakini pale nikaelewa kwamba ndiyo namba iliyotuleta pale. Kama kila mtu ataandika anachokikumbuka badala ya anachokiona, basi duniani hakuna ndege atakayewahi kupungua, mpaka siku tutakapoangalia juu na kukuta kunguru peke yake. Ile 0 ilikuwa habari kubwa kuliko aina zote 23 za asubuhi ile.

Jioni tukarudi Sumbawanga na Mwalimu. Jumapili, tukiwa na kibali na mwongozaji, tukapanda msitu wa hifadhi wa Mbizi, ule unaouangalia mji kwa juu. Siku ya hesabu ya dunia ilikuwa imepita, lakini daftari la Mwalimu halina sikukuu. Huko kuna miti mikubwa yenye kuvu kama ndevu, kuna baridi ya kukata masikio, na kuna mbega wekundu ambao walituangalia kama wadai kodi. Hata huko visiki havikosekani, tusidanganyane.

Saa tatu hivi, sauti nzito ya kukoroma ikatoka juu ya mkuyu. Mwalimu akanishika mkono. Shorobo mmoja akaruka, mabawa yakawaka, na wa pili akamfuata. Mwalimu hakusema bomba wala nini. Alifungua daftari, akaandika Mbizi, shorobo 2, akaniuliza, "Pale walikuwa wanakula nini?" Nikamwambia tunda la mkuyu.

Ukitaka kwenda, ushauri wangu ni mfupi: beba sweta, viatu vya matope, kalamu mbili, na uache nyumbani stori za ungo. Darubini si lazima. Tafuta bibi anayeamia ulezi.

Wiki iliyopita Mwalimu alinipigia simu. Amechomeka vipande 11 vya mkuyu kando ya kijito. Mbuzi wamekula vinne, saba vimeshika.

"Na ndege?" nikauliza.

"Sifuri," akasema. "Andika hivyo hivyo."

Nimeandika.