Mtoto Hurithi Hata Tunayoyanyamazia

Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu Ntalikwa, kwa babu na bibi yake. Ana umri wa miaka tisa, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Bibi alimlaki kwa "Mwangaluka", naye akanigeukia nimfasirie. Niliona haya. Kinyamwezi ni lugha ya mama yangu, lakini nyumbani kwangu haizungumzwi.

Jioni, tukiwa tumekaa uani, mtoto aliuliza: "Babu, ni kweli Wanyamwezi walikuwa watumwa wa kubeba mizigo?" Ndivyo wenzake shuleni walivyomtania.

Baba hakukasirika. Alimweleza kwamba babu yake yeye alikuwa mpagazi, aliyekwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu. Kwamba wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira na kudai posho yao, na tajiri aliyewadhulumu aliweza kuamka asubuhi akaikuta mizigo imelala njiani, wachukuzi hawapo. Kisha akamtajia Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 aliiwasha baruti ndani ya boma lake asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani akiwa hai.

Mtoto alinitazama. "Baba, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu la heshima. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilitaniwa vivyo hivyo, nami nikajizoeza kusema kwamba mimi ni "mtu wa Tabora mjini", basi. Baadaye historia hiyo niliisoma, hata nikaifundisha darasani. Mezani kwangu sikuitamka. Aibu niliyodhani nimeizika, kumbe nimemrithisha mwanangu kwa ukimya.

Tunalaumu mitaala, runinga na utandawazi. Lakini mtaala wa kwanza wa mtoto ni mazungumzo ya nyumbani: majina tunayoyataja, lugha tunayochekea na kugombezea, na yale tunayoyaruka. Samaki mkunje angali mbichi. Tukikaa kimya, wengine watamkunja kwa niaba yetu.

Wapo watakaosema huu ni ukabila. Sioni hivyo. Mtoto anayejua kwao hana haja ya kudharau kwa wenzake.

Tukiwa ndani ya treni ya kurudi, mwanangu aliniuliza "mzigo" kwa Kinyamwezi huitwaje. Tulipita stesheni mbili kabla sijalikumbuka neno hilo.