Harufu ya Moshi

Tulilipa shilingi 90,000 kila mmoja ili tukaone baridi. Tulikuwa wanne, wote kutoka Dar es Salaam, na nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, pembeni mwa msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Ilikuwa Julai. Tulipoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda zile kona, wenzangu walifungua vioo vya gari wakapiga kelele kila upepo ulipozidi kuwa mkali. Mimi nilivaa sweta nikanyamaza.

Sikuwa nimewaambia kwamba naijua njia ile. Mama yangu ni Msambaa wa Mlalo. Likizo zangu zote za shule ya msingi nilizimalizia huko kwa Bibi, nikilala jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Nikirudi Dar, nguo zangu zilinuka moshi hata zikifuliwa mara mbili. Nikiwa darasa la tano, mwenzangu mmoja aliziba pua nilipokaa karibu naye. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kwetu, nasema Temeke, basi.

Jioni, mzee anayetunza nyumba alituletea kuni za mwati, akazipanga, akapuliza, zikashika. Wenzangu wakampiga picha. Mmoja akasema, "Jamani, harufu hii ningeitia kwenye chupa niondoke nayo." Mzee akacheka kwa adabu. Mimi, bila hata kufikiri, nilikuwa nimeshavuta kigogo kimoja pembeni ili kuni zifike asubuhi, kama Bibi alivyokuwa akifanya.

"Mwanangu, kwenu wapi?" akaniuliza.

"Dar, mzee."

Alinitazama, akakitazama kile kigogo, akatuaga.

Usiku usingizi haukuja. Nilikuwa na mablanketi mawili na hesabu za kupiga. Mara ya mwisho kumtumia Bibi hela ilikuwa Idd, shilingi 20,000. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa msibani, miaka minne nyuma, na kesho yake asubuhi niliwahi basi. Magari ya Mlalo yanapita hapo hapo Magamba. Nilikuwa nimelipia kitanda njiani kwenda kwake.

Jumamosi wenzangu walijiandaa kwenda Irente, kuitazama nyika kutoka juu ya jabali. Nikawaambia siendi, nina bibi Mlalo.

"Bibi yako mwenyewe? Mbona hukusema? Si tungefikia kwake?"

Gari lilitokea kabla sijapata jibu. Nilishukuru.

Bibi hakuniuliza nilipotelea wapi. Aliitikia shikamoo yangu, akanishika mikono, akasema ina baridi, akanivuta jikoni. Nilipokaa, aliinama akanusa bega la sweta langu.

"Umeshaota moto kwa watu. Umelala wapi?"

Nikamweleza. Nilimtajia hata bei, sijui kwa nini. Labda nilitaka anigombeze, yaishe. Alikaa kimya kidogo, kama mtu anayehesabu magunia ya viazi.

"Hela hiyo ingetia bati pale," akasema, akanyoosha kidole juu.

Nilitazama. Juu ya mafiga bati lilikuwa limeliwa na kutu, mwanga ukipenya. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Nilikuwa nimemtajia hela, naye akanitajia kazi yake. Kisha akasukuma kigogo motoni na kuniuliza kama mama yangu bado anaumwa magoti.

Nilimpigia mwenzangu mmoja simu, nikamwambia waniletee begi langu Dar, mimi nitarudi na basi. Usiku ule nililala jikoni. Manyunyu yalianza saa nane hivi. Nikasogeza godoro, nikatega sufuria chini ya lile tundu, nikalala nikisikia matone yakihesabu.