Dakika Tisa za Titus Simba

Julai 1970, mjini Edinburgh, Scotland, Mtanzania aitwaye Titus Simba alipanda ulingoni kugombea dhahabu ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kona ya pili alikaa kijana wa miaka 19 kutoka Liverpool, John Conteh, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Conteh akashinda. Simba akarudi nyumbani na medali ya fedha, miaka minne kabla mkimbiaji Filbert Bayi hajatuletea dhahabu na rekodi ya dunia kutoka Christchurch.

Majedwali ya matokeo yametunza jina, nchi, uzito na rangi ya medali. Ngumi za ridhaa zamani zile zilipigwa raundi tatu, kila raundi dakika tatu. Dakika tisa kwa jumla, na ndizo zinazoniuma, kwa sababu jedwali halina nafasi ya dakika. Halisemi nani alianza kurusha mkono wa kushoto, wala nani alirudi kwenye kigoda anahema baada ya raundi ya pili.

Conteh hakupotea. Oktoba 1974 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC, uzito wa juu mwepesi, pale Wembley, na kabla ya hapo sura yake ilikuwa imeshatokea kwenye jalada la albamu ya Paul McCartney na Wings, Band on the Run. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na katika masimulizi hayo Edinburgh huchukua mstari mmoja. Ndani ya mstari huo, kama anatajwa, ndimo anamoishi bondia wetu. Mtu aliyefika hatua moja kabla ya kilele amebaki kuwa kipande kidogo cha hadithi ya mwingine.

Nayaandika haya nikiwa Muze. Muze si mji wa ngumi. Ni kata ya bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa, ambako joto hukupokea mara tu ukimaliza kuteremka kutoka uwanda wa Ufipa, na mwaka watu wanauhesabu kwa mpunga na ufuta. Lakini wazee wa hapa wanajua ngumi. Nimewakuta kivulini, magunia ya ufuta yakisubiri mzani, nikawaamkia, nikauliza kuhusu mabondia wa zamani. Hawakuhitaji kubembelezwa. Mmoja alijiegemeza kwenye magunia, akainua mikono kufunika uso, akaanza kutikisika huku na huku: Mohamed Ali, kwenye kamba, Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Kisha akashusha mkono mmoja, akarusha konde moja fupi, na wenzake wakamwangusha Foreman, mpinzani wa Ali, kwa sauti zao. Wanakumbuka pia kwamba Ali alikuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow, na kwamba Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Wanaitaja habari hiyo kwa fahari, na mimi naipenda fahari yao.

Nilipotaja Titus Simba, mazungumzo yakapoa. Kijana mmoja aliyekuwa anashona midomo ya magunia akauliza alicheza namba ngapi.

Simlaumu. Kwake Simba ni klabu ya soka ya Msimbazi, ni jezi nyekundu. Nikamweleza kwamba mwaka 1970 klabu ile ilikuwa bado inaitwa Sunderland, jina la Simba ililichukua mwaka uliofuata. Julai ile Mtanzania akisikia jina hilo kwenye habari za michezo, aliyetajwa alikuwa bondia. Leo ukilitafuta jina lake kwenye simu, klabu inaziba njia yote.

Nimejiuliza sana kwa nini Ali amefika mpaka kwenye magunia ya Muze, na mtu wetu hakufika. Jibu jepesi ni kwamba Ali alikuwa Ali. Ni kweli, lakini halinitoshi. Wakati wa Edinburgh, Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na ingekaa bila televisheni mpaka 1994. Habari ya bondia ingeteremka huku bondeni kwa redio, au kwa gazeti lililochelewa njiani mpaka likawa karatasi ya kufungia sukari. Sauti ya redio husikika mara moja, ikapita. Ali alirudiwa kwenye sinema, kwenye kanda za video, kwenye kuta za vinyozi. Simba alipita mara moja.

Ushahidi mwingine naupata kwa John Stephen Akhwari. Yeye tunamjua sote: Mexico City, Oktoba 1968, amefunga bandeji mguuni, anaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni, kisha ile kauli yake kwamba nchi ilimtuma amalize mbio, haikumtuma kuzianza tu. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, na dunia nzima inamheshimu, inavyostahili. Sasa jambo ambalo wengi hawalitaji: Akhwari naye alikuwa Edinburgh mwaka 1970, kwenye michezo ileile ya Simba, akamaliza marathoni wa tano kwa saa mbili na dakika kumi na tano. Hizo ni mbio za mwanariadha mkubwa. Nani anazisimulia? Mexico kulikuwa na kamera iliyomngojea gizani. Kwa hiyo hata Akhwari tumempoteza nusu: tumebaki na goti lililoumia, tukaachia miguu iliyokuwa na kasi.

Majirani zetu nao wana majeraha ya aina hii. Bondia Eridadi Mukwanga ni mmoja wa Waganda wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, fedha ya Mexico 1968. Philip Waruinge wa Kenya alitoka Mexico na shaba, lakini akapewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote, mabingwa wa dhahabu wakiwamo. Watajie majina hayo vijana wa ukanda huu uone wangapi wataitika.

Pale Sumbawanga mjini uwanja wetu unaitwa Nelson Mandela. Jina linafaa kuliko wengi wanavyojua, maana Mandela alikuwa bondia wa ridhaa, akifanya mazoezi Orlando, Soweto, miaka ya 1950. Na mwanzoni mwa 1962, alipotoka nchini kwake kwa siri kutafuta msaada, aliingia Tanganyika kwa kupitia Mbeya, jirani zetu. Nafurahi kila ninapopita pale. Nafurahi na kuumia pamoja, kwa sababu tumejua kumtunza bondia wa mbali.

Kufiwa kuna utaratibu wake. Watu hukusanyika, hulala nje, huchanga, hupika, na Novemba 2 jina la marehemu husomwa kanisani. Kusahauliwa hakuna matanga. Hakuna siku ya kukaa chini na kuambiana kwamba leo amesahauliwa fulani, tumlilie. Jambo hilo hutokea mtu akiwa hai au amekufa, bila kengele, na siku ukishtuka huoni hata pa kwenda kutoa pole.

Wazee wa Muze wana sababu ya kuzijua ngumi. Afrika Mashariki ngumi zilikulia kambini, jeshini na polisi. Vijana wengi walitoka Ufipa na bondeni kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, kwenye mkonge, na kwenye kambi hizo. Mzee aliyetuigizia Ali ni mmoja wao; ngumi alijifunzia jeshini. Nilipommalizia habari za Edinburgh hakuuliza medali iko wapi wala ina thamani gani. Aliuliza kama Simba alianguka, na kama alitangulia kwa mkono wa kulia. Hayo ndiyo maswali ya mtu aliyewahi kuvaa glovu.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 kwenye msafara ule wa 1970 sasa amevuka sabini. Wako miongoni mwetu wanamichezo wa enzi ile, makocha na watangazaji, wanakaa barazani Dar es Salaam, Arusha, Tabora, na wengi hawajawahi kuulizwa. Waulizwe mwaka huu. Nani alimfunga Titus Simba bandeji mikononi jioni ile? Nani alimpa maji kwenye kona? Baada ya raundi ya pili aliambiwa nini, na kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Aliposhuka kwenye ndege Dar es Salaam na ile medali, nani alikuwa anamngoja?