Kadi ya picha haikuwa na hatia

Najua nimenyamaza wiki mbili. Nilikuwa napigana na mistari ya barabara.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua nina mchezo wangu mdogo wa mbio za matatu, ninaouandika kwa C++ na OpenGL. Mistari myeupe nimeichora sentimita 2 juu ya lami. Karibu na gari ilikuwa safi, lakini kuanzia kama mita 20 mbele ilimetameta na kukatikakatika, mara mstari, mara lami. Laptopu yenyewe niliinunua mtumba, basi nikahukumu papo hapo: kadi ya picha imekufa, nimeuziwa takataka.

Nikapuliza vumbi kwenye feni, nikabadilisha draiva, wapi! Nikaibeba hadi Luthuli Avenue, nikamfokea fundi aliyeniuzia mbele ya wateja wake. Hakunijibu kwa ukali. Aliwasha mchezo mwingine, tukautazama nusu saa, hakuna kasoro. Akasema, "Bosi, angalia kwanza hiyo kazi yako." Nikaondoka nimenuna.

Usiku ndipo nilipoona jambo ambalo hasira ilinificha. Nikisimamisha matatu, madoa yanaganda palepale, nikisogea, yanacheza. Joto haliharibu kwa mpango namna hiyo. Nikajaribu kwenye kompyuta ya dada yangu: madoa ni yale yale.

Kadi huweka, kwa kila pikseli, namba inayoonyesha kitu kiko umbali gani, ili cha mbele kifunike cha nyuma. Kwangu namba hiyo ni ya biti 24, yaani viwango 16,777,216. Vingi, sivyo? Lakini havigawanywi sawasawa. Karibu nusu yake huishia kati ya mpaka wa karibu wa kamera na umbali mara mbili ya huo. Na mpaka huo, jamani, mimi niliuweka milimita 1! Zaidi ya viwango milioni 8 vilikuwa vinapima kati ya milimita 1 na 2 kutoka kwenye jicho la kamera, mahali pasipo na kitu. Mita 100 mbele, vitu viwili vilihitaji kuachana kama sentimita 60 ndipo kadi ivitofautishe. Mstari wa sentimita 2 ungeponea wapi?

Niliuweka hivyo kwa sababu usukani ulikuwa unakatwa nikiangalia kutoka kiti cha dereva. Sasa nachora barabara kwanza kwa mpaka wa sentimita 50, nafuta zile namba za umbali, kisha nachora ndani ya gari kwa mpaka wake mdogo. Pale mita 100 kadi sasa hutofautisha hata milimita 2.

Jumamosi nilirudi Luthuli kuomba radhi. Fundi alicheka, akataka kuendesha. Dakika mbili tu, akaniuliza mbona abiria hawana vivuli.

Ndiyo ninayoishughulikia sasa.