Dakika Nne Dirishani, Msasani

Kila mwaka vijana wawili watatu wa msikiti wetu hapa Tanga hunijia baada ya swala ya Isha wakiwa na bahasha mkononi. Mmoja amepata nafasi ya kusoma nje, mwingine ya kufundisha, na wote wana swali moja: "Ustadhi, kule ubalozini wanauliza nini?" Nimewajibu wengi kwa mdomo. Leo nimeona ni bora niandike, ili na wazazi wao wasome.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, nina mke na mtoto wa miezi saba. Nilichaguliwa katika mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu wa lugha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mwalimu wa Kiingereza anakwenda kuwafundisha wanachuo wa kule Kiswahili, naye huku akisoma kozi zake. Gharama hubebwa na mpango wenyewe, ila mke na watoto hubaki nyumbani. Kilichokuwa kimebaki ni viza.

Fomu ya viza hujazwa kwenye intaneti. Nilikaa katika duka moja la mjini nikijibu maswali mpaka nikafika mahali palipoandikwa: je, una ndugu wa karibu aliyeko Marekani? Hapo mkono ukasita. Kaka yangu mkubwa alikwenda huko kusoma. Muda wake ukaisha, hakurudi. Alikuwa akifanya kazi bila kibali na akituma fedha zilizomlipia marehemu baba dawa, nami ada.

Dalali mmoja aliyekuwa akiwajazia watu fomu aliniangalia begani akasema, "Andika hapana. Ukimtaja huyo umejifungia mlango." Akaniongezea kwamba kwa fedha kidogo angenipatia taarifa ya benki yenye mamilioni, ambayo mimi sikuwa nayo. Nilifunga kompyuta nikarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, sitajifanya shujaa. Usiku ule nilitafuta hila. Nilijiambia kwamba kumsitiri ndugu ni wajibu, na kwamba kusema kweli kungemdhuru. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Unamsitiri yeye, au unajisitiri wewe?" Sikuwa na jibu. Tukakubaliana nimpigie kaka mwenyewe simu, kwani jambo lilikuwa lake kuliko langu.

Kaka alinyamaza kwa muda. Tulikuwa tumemzika baba mwaka uliotangulia, naye alisikiliza maziko kwa simu niliyoishika juu ya kaburi, kwa sababu angetoka asingeweza kurudi. Mwishowe akasema, "Andika. Mimi nilidhani nitakaa miezi sita zaidi tu. Usiingie nchi ya watu kwa mlango wa uongo, mdogo wangu." Kesho yake nilirudi dukani nikaandika ndiyo.

Siku moja kabla ya mahojiano nilipanda basi la asubuhi. Muheza wauza machungwa walitujia madirishani kama kawaida yao. Segera tukakunja kuelekea kusini, na alasiri tukaingia Ubungo. Nililala Kinondoni kwa mjomba. Yeye aliishi Dar es Salaam tangu ujana, na usiku ule alinisimulia habari za mahali ninapokwenda.

"Pale, mjomba," aliniambia, "zamani palikuwa sinema ya magari. Watu wanakwenda na familia zao, wanaegesha, wanatazama picha ya Kihindi wakiwa ndani ya gari." Ubalozi wa zamani haukuwa hapo, ulikuwa Oysterbay, barabara ya Laibon. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 ulilipuliwa kwa bomu, saa moja na ule wa Nairobi. Dar es Salaam walifariki watu 11, wengi wao Watanzania wenzetu. Jengo jipya la Msasani, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo, lilifunguliwa mwaka 2003.

Mjomba alikuwa mjini siku ile. Alisema, "Mshindo ulipita, kisha siku zilizofuata tukawa tunatazamwa sisi wenye kofia." Akanishauri ninyoe ndevu. Nilimjibu kwa adabu kwamba picha niliyokwisha kuwapelekea ina ndevu, na mtu akifika na sura nyingine ndipo atakapotiliwa shaka. Tukacheka wote wawili.

Niliswali Alfajiri kwa jamaa nikachukua bajaji. Ukuta wa ubalozi ni mrefu, na jengo limewekwa mbali na barabara. Sababu yake niliisikia usiku uliotangulia. Simu na mikoba haviruhusiwi kuingia ndani. Walinzi wa nje walikuwa vijana wetu wenyewe, na mmoja aliponipekua alinitolea salaam kamili, nikamrudishia. Sijui kwa nini salaam ile ilinituliza kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile.

Ndani tulichukuliwa alama za vidole vyote kumi, kisha tukakaa kusubiri. Mahojiano hufanyika dirishani, mtu amesimama, kioo kati yake na ofisa. Aliyekaa karibu husikia mambo ya mwenzake apende asipende. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kanzu, amebeba hati ya nyumba na barua ya binti yake aliyekaribia kujifungua. Alihojiwa kwa Kiswahili, akajibu bila kubabaika. Akarudishiwa pasipoti pamoja na karatasi ya kukataliwa. Alikunja hati zake polepole, akasema, "Alhamdulillahi ala kulli hali," akatoka.

Sheria yao ya uhamiaji, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1952, humchukulia mwombaji wa viza kama hizi kuwa anataka kubaki, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba atarudi. Si ofisa anayetakiwa kuthibitisha, ni wewe. Mzee yule sikuona uongo wowote kwake, na bado hakupewa. Nalisema hili ili kijana asidhani kwamba ukweli hununua viza.

Lilipoitwa jina langu niliomba kimoyomoyo dua ya Nabii Musa (a.s.) ya kukunjuliwa kifua na kufunguliwa fundo la ulimi. Ofisa alikuwa mama wa makamo. Aliuliza nitafundisha nini, nani analipa, mke wangu anafanya kazi gani. Taarifa ya benki hakuitaka kabisa, kwani karatasi ya mpango ilikwisha kueleza nani anagharamia. Kumbe dalali alikuwa akiniuzia dhambi isiyokuwa na hata faida ya dunia.

Kisha akatazama kompyuta. "Una kaka huku kwetu. Yuko kwa kibali gani?"

Nikamwambia alikwenda kwa masomo, muda wake ulikwisha, hakurudi.

"Basi kwa nini niamini kwamba wewe utarudi?"

Jibu nililolikariri njia nzima lilipotea. Nikamweleza habari za maziko ya baba na ile simu juu ya kaburi. Nikasema, "Mama yangu amebaki na mtoto mmoja wa kiume wa kushika jeneza lake. Nimeona bei ya kutorudi, na siwezi kuilipa." Alinitazama kidogo, akaandika, akaibakiza pasipoti upande wake. Nadhani yote hayakuzidi dakika nne.

Nilikwenda, nikafundisha, nikarudi baada ya mihula miwili. Kaka naye alirejea kwa hiari yake baadaye, na ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya.

Kwa vijana wanaojiandaa: fika mapema, acha simu nyumbani, soma karatasi zako mpaka ujue kila mstari umeandikwa nini. Dada zetu wasivue hijabu kwa ajili ya picha. Inaruhusiwa kwa anayeivaa kwa sababu ya dini, alimradi uso wote uonekane. Anayekwenda kwa mpango unaogharamiwa na serikali kama ule wangu ajue kwamba sharti lake ni kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba uhamiaji wa huko. Ayaeleze haya kwa mkewe na wazazi wake kabla ya kutia saini.

Na kwa wazazi: msimwambie mtoto "andika chochote, mradi uende." Akikataliwa na kweli yake, atarudi nyumbani akiwa mtoto yule yule mliyemlea. Mzee wa kanzu nilimkuta nje, kivulini, akisubiri gari. Nilimpa pole. Akaniuliza kama mimi nimepata, na nilipomjibu alininyanyulia mikono akaniombea safari njema.

Wabillahi tawfiq.