Familia ya Nyasho Yaenda Kutembea Butiama, Swali la Mtoto Lambana Baba

Kuna familia moja pale Nyasho, Musoma, baba ni fundi pikipiki na mama anauza dagaa sokoni. Tangu mwaka uanze watoto wao watatu walikuwa wameahidiwa matembezi. Vichwani mwao matembezi ni ufukweni: kuogelea, chipsi, soda ya baridi na picha za kuweka WhatsApp. Jumamosi ilipofika baba akatangaza: "Tunaenda Butiama."

Binti mkubwa, kidato cha pili, akanuna hapo hapo. "Sasa baba, makaburi ndo matembezi?"

Baba akajitetea kwamba Butiama ni karibu na nauli inamudu. Mama alikaanga sato, akafunga chapati, akanyamaza. Yeye alijua kwamba kijijini kwa mume wake ni mbele kidogo tu ya Butiama, na kwamba mwanaume huyo ana miaka minane hajakanyaga huko. Baada ya kumzika baba yao aligombana na kaka yake juu ya shamba, akaondoka bila kuaga.

Wakachukua bajaji mpaka stendi ya Bweri, halafu haisi ya kupitia Makutano. Njiani yule wa katikati akakumbuka la shuleni: mwaka 1934 Mwalimu Nyerere, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, hapo hapo Musoma mjini. Ni kama kilometa 40, na zama zile hakuna haisi. Binti aliyenuna akachungulia dirishani, vilima vikipita, akasema taratibu, "Kwa miguu? Daah."

Mwitongo penyewe ni pazuri, tuseme ukweli. Miti, majabali makubwa, na pimbi wanaota jua juu ya mawe kama wenye nyumba. Hapa ndipo palikuwa kwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mzee huyo alikuwa na wake 22, na wa tano, Mgaya, ndiye aliyemzaa Kambarage Aprili 1922. Kwa hiyo unapokanyaga hapo umeingia kwa mtemi hasa, hata kama wengi wanakuja kwa ajili ya rais.

Aliyekuwa anawatembeza akawaeleza kwamba mwaka 1963 serikali ya Mwalimu ndiyo iliyofuta utemi nchi nzima. Binti akashtuka. "Yaani alifuta cheo cha kwao mwenyewe?"

Ndiyo. Baba yake alikuwa ameshafariki tangu 1942, lakini ndugu yake, Edward Wanzagi, naye aliwahi kukalia kiti hicho cha utemi. Na bado Mwalimu alipoachia urais mwaka 1985 hakutafuta pa kwenda. Alirudi pale pale kwao, akalima. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kuzikwa Mwitongo, walipolala baba yake na mama yake.

Walisimama kimya mbele ya makaburi. Ndipo yule mdogo, darasa la pili, akamvuta baba yake mkono.

"Baba, huyu yuko na baba yake. Babu yetu sisi yuko wapi?"

Baba akakohoa. Akasema kuna jua, twendeni tukale. Wakakaa kivulini, mama akafungua sato, pimbi mmoja akawa anawaangalia. Baba hakumaliza hata kipande. Alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akaitoa tena. Mama akaendelea kuchambua miiba ya mtoto, akasema bila kumwangalia: "Baba watoto, haisi ya kurudi bado ipo mpaka jioni."

Basi akainuka, akaita bodaboda mbili.

Kaka mtu alikuwa amekaa nje ya nyumba anarekebisha mpini wa jembe. Alivyowaona alisimama, akawatazama watoto mmoja mmoja, maana mdogo hakuwahi kumwona kabisa. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," kama mama alivyowafundisha njiani. Akaitikia marahaba tatu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana. Alisema tu, "Mngenipigia, mngekuta chakula."

Kisha akawapeleka nyuma ya nyumba. Kaburi la babu halina saruji wala marumaru. Ni udongo na mawe yaliyopangwa pembeni. Lakini lilikuwa limepaliliwa, hata jani moja hakuna, wakati porini kote nyasi zimefika kiunoni. Miaka minane kuna mtu alikuwa anapalilia peke yake. Baba akachuchumaa, akaokota kijiti kisichokuwa na shida yoyote, akakitupa mbali. Akakaa hivyo muda mrefu.

Habari ya shamba haikuzungumzwa siku ile, na wenye kuijua familia wanasema mpaka leo haijaisha. Ila walipoagana kaka mtu aliuliza watoto wanafunga shule lini, na baba akamtajia tarehe.

Kwenye haisi ya mwisho mdogo alilala mapajani. Binti hakuwa na picha hata moja ya ufukweni. Alikuwa na ya kaburi la babu yake, na hakuiweka popote.

Wewe mdau, watoto wako wanajua babu yao amelala wapi?