Bolti Iliyogoma

Shamba la kahawa nililolelewa, nje kidogo ya mji wa Ruiru, lilikuwa na karakana yake. Paa la mabati, sakafu ya udongo ulioshiba oili, meza ya mbao nene yenye jiliwa, na ukutani ubao uliochorwa umbo la kila spana ili mojawapo ikikosekana ijulikane mara moja. Baba alikuwa dereva wa trekta, na kwa desturi ya wakati ule dereva wa trekta ndiye aliyekuwa fundi wake wa kwanza. Mekanika mkuu aliitwa tu mambo yalipozidi. Bolti kugoma hakukuhesabiwa kuwa mambo yaliyozidi.

Trekta yenyewe ilikuwa Massey Ferguson 135, ile ya injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu. Ukizunguka Kiambu hata leo hutakosa kuiona mahali ikivuta trela. Injini hiyo ni ya chuma cha kalibu, na chuma cha namna hiyo kina uvumilivu. Adui yake ni kutu. Bolti za ekzosi hupata moto na kupoa kila siku, mvua za masika zikaja juu yake, na baada ya misimu michache bolti na nati huwa zimeshikana kana kwamba zilizaliwa pamoja.

Baba hakuwa na dawa ya kopo. Jioni, injini ikiwa bado na uvuguvugu, alichukua brashi ya waya akaisugua bolti mpaka nyuzi zilizojitokeza nje ya nati zikaonekana moja moja. Kisha alidondosha dizeli palipokutana nati na chuma, tone kwa tone, kwa unyoya wa kuku. Asubuhi alirudia. Halafu alishika nyundo akaigonga nati kichwani, mapigo mafupi ya kavu, si ya nguvu nyingi. Nilimuuliza kwa nini anaigonga ilhali anataka kuifungua. "Kutu ni unga, mwanangu," alisema. "Unga ukitikiswa hupasuka, mafuta yakapata njia."

Baada ya hapo spana iliingia, na jambo la kwanza alilofanya ni kuikaza, si kuifungua. Kidogo tu, kiasi cha kuisikia imesogea. Kisha akairudisha. Akaikaza tena, akairudisha zaidi, akaongeza dizeli. Nati ilitoka kwa kwenda na kurudi. Alinifundisha pia kusikiliza kwa mkono. Bolti inayokubali hutoa mlio mkavu, kak, halafu inalegea. Bolti inayotaka kukatika haina mlio. Inakuwa laini, inakufuata kama mpira, na mkono unadhani umeshinda. Hapo ndipo pa kusimama. Somo hilo moja limeniokolea bolti nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Bolti zilipokataa kabisa, jiko la mkaa liliwashwa mbali na trekta na mbali na tangi. Kipande cha nondo nene kilipashwa mpaka kikawa chekundu, kikashikwa kwa koleo na kukandamizwa juu ya kichwa cha bolti. Bolti ikipata moto hutanuka na kuiponda kutu inayoizunguka. Ikipoa hunywea, pakabaki ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Kabla haijapoa kabisa baba aliigusa kwa mshumaa. Nta iliyeyuka ikanyonywa ndani ya nyuzi. Nimeshuhudia bolti iliyoshinda watu wazima wawili ikifunguka baada ya hapo kwa spana ya kawaida, bila paipu ya kurefushia mkono.

Spana zetu zote zilikuwa za inchi: nusu inchi, 7/16, 9/16, 3/4. Pikapu za Datsun zilipoanza kufika mashambani zilikuja na spana za milimita, na hapo vichwa vingi viliharibiwa. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, lakini inacheza, na kila inapocheza inakula pembe. Inchi 3/4 ni karibu sawasawa na milimita 19, kwa hiyo mtu akifanikiwa huko alidhani zote ni ndugu. Baba alizitenga katika mikebe miwili na hakuruhusu zichanganywe.

Halafu kahawa ikaanguka. Kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000, kiwango ambacho haijakifikia tena. Nani angedhani kwamba hicho ndicho kilele? Bei zilishuka, malipo yakachelewa, mashamba yakaanza kupunguza watu na mwishowe kukatwa ploti. Karakana za mashamba zilifungwa. Mafundi waliotoka humo, wengine wakiwa wamelipwa haki zao nusu, walienda kando ya barabara ya Thika wakakaa chini ya miti na masanduku ya spana, wakawa jua kali. Huo ndio uhamisho ambao nadhani haujaandikwa vya kutosha. Ujuzi uliokuwa umetunzwa kwenye ubao uliochorwa spana ulitawanyika barabarani, na kila fundi akaondoka na alichokumbuka.

Miaka ya 1990 soko la magari likafunguliwa, na magari yaliyotumika kutoka Japani na Dubai yakajaa. Kazi ilibadilika tena. Mjapani huweka kichwa cha milimita 12 mahali ambapo Peugeot ya Mfaransa huweka 13, na 14 mahali pa 17. Lakini badiliko kubwa halikuwa la vipimo. Lilikuwa la madini. Injini hizi zina kichwa cha alumini, na nyingine, kama ile ya 1NZ iliyomo kwenye Probox na Vitz nyingi za mtaani kwetu, hata bloku ni ya alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida inapopata joto. Pia bolti ya chuma ikikaa ndani ya alumini penye unyevu, kunazuka unga mweupe unaoshika kuliko kutu nyekundu. Na nyuzi za alumini ni laini: ukizivuta kwa hasira zinatoka pamoja na bolti, na hapo hufungui tena bolti, unatafuta mtu wa kutoboa na kuweka nyuzi mpya.

Sasa tazama kilichotokea upande wa vifaa. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa kuanzia 2009, mpaka Rais Mwai Kibaki akaizindua Novemba 2012, gereji za ukingoni ziliondolewa na mafundi wakasogea ndani, huko Kimbo na pembeni mwa Bypass. Waliosimama tena walisimama na kompresa na mashine ya kufungulia nati kwa hewa. Ni mashine nzuri. Hufungua gurudumu la lori kwa muda ambao baba angekuwa bado anatafuta unyoya. Lakini mashine hiyo haisikii. Haijui tofauti ya ule mlio mkavu na ule ulaini wa kukatika. Vyuma vya injini vimekuwa laini wakati ambapo mikono imekuwa mikali, na ndiyo maana naona bolti zilizokatika nyingi zaidi leo kuliko zamani za injini za chuma tupu.

Kinachonifurahisha ni kwamba kazi imeanza kurudi nyumbani. Vijana wa ploti yetu hufungua magari yao wenyewe Jumapili, simu ikiegemezwa kwenye betri ikionyesha video. Mmoja wao alinijia hivi karibuni na bolti ya ngao ya joto ya ekzosi, kichwa cha milimita 10 kilicholika na kutu mpaka soketi ya 10 ikawa inazunguka bure. Alikuwa na kopo la WD-40, na amelimwaga karibu nusu. Nilimweleza kwamba dawa hiyo ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Kupenya kutu iliyokomaa si kazi yake kuu. Tulichanganya mafuta ya gia ya otomatiki na tina ya rangi, nusu kwa nusu, injini ikiwa baridi kabisa kwa sababu tina inashika moto. Tukaacha usiku kucha.

Asubuhi nilichukua soketi ya inchi 3/8 kutoka mkebe wa baba. Hiyo ni milimita 9.5. Tuliipiga kwa nyundo mpaka ikajikata njia juu ya kile kichwa kilicholika, na mapigo hayohayo yakaifanya kazi ya kuitikisa kutu. Kijana akashika mpini. Nikamwambia akaze kwanza. Alinitazama, akakaza, akarudisha. Kak. "Mzee, imesema," akaniambia. Bolti ilitoka nzima, na nyuzi zake zikiwa na ule unga wa kahawia uliolowa mafuta mpaka mwisho.

Ombi langu kwa anayefungua injini nyumbani ni kuhusu kuirudisha bolti. Bolti nyingi zinazogoma ziligomeshwa na aliyezifunga mara ya mwisho. Isugue kwa brashi ya waya na uianzishe kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana. Zile za ekzosi zipake grisi ya shaba nyuzini. Bolti ya kumwagia oili kwenye injini ya 1NZ inataka kukazwa kwa takriban Nm 37 tu. Kwa spana ya sentimita 20, huo ni uzito wa mtungi wa maji wa lita 20 usiojaa vizuri ukining'inia mwisho wa mpini. Ukienda gereji kubadilisha oili, simama hapo na umwombe fundi aikaze kwa mkono.